Mzee Anayetamani Mauti

Yawapasa Waislamu wa Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji kulitazama jambo linalonong'onwa nyuma ya mlango, nalo ni mzee kuitoa roho yake kwa mkono wake. Wengi hudhani msiba huu ni wa vijana. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2014 kuwa karibu kila upande wa dunia, kwa kadiri ya hesabu yao, waliopita miaka 70 ndio wanaojiua zaidi.

Sababu zake hazikufichika kwa mwenye macho. Mzee aliyekuwa akilinda mpunga juu ya dungu na kupiga kasia hadi Nyamisati, leo goti halimchukui. Mkewe amekwisha kufa, wanawe wako Dar es Salaam. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba, na kabla yake, kati ya 2015 na 2017, yalipita mauaji yaliyowaacha wazee wakiwazika watoto wao. Hapo huanza kusema, "Mimi nimekuwa mzigo." Huacha chakula, haonekani msikitini, hugawa vitu vyake. Watu wa nyumbani hujibu, "Ni uzee tu," au humwitia mganga wa pepo. Jawabu zote mbili ni mbaya, na ya kwanza ni mbaya zaidi, kwani humwacha peke yake. Huzuni ya namna hii ni maradhi yenye dawa, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu kujitibu.

Hapana khilafu kuwa kujiua ni haramu, tena ni katika madhambi makubwa. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa yatosha. Lakini yuko khatibu asiyejua ila kutisha, na aliyekata tamaa akitishwa huzidi kuficha. Mtume alipokataza kutamani mauti kwa dhara iliyompata mtu, hakumwacha mtu huyo bila ya neno: alimfundisha dua ya kumwachia Mungu achague lililo kheri kwake, uhai au mauti.

Haki ya mzee iko kwanza juu ya wanawe. Sura ya Bani Israil ilipotaja ukongwe wa wazazi, iliutaja ukiwa kwa mtoto, ndani ya ulinzi wake. Fedha inayopelekwa kwa simu ni wema, lakini haikai na mzee barazani baada ya Isha.

Aulizwe kwa upole, kwa neno wazi, kama anafikiri kujiua. Matabibu wamehakikisha kuwa swali hilo halimtii mtu fikira hiyo, bali humfungua. Asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zitolewe nyumbani, ziwekwe kwa jirani chini ya kufuli. Kisha apelekwe kituo cha afya. Wengine huogopa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, huhesabu jaribio hilo kuwa kosa. Basi na atafutwe tabibu kabla ya jaribio, wakati ambapo hapana kosa lolote.

Na ikiwa amri imekwisha pita, wako wanaokataa kumsalia maiti huyo. Haya si madhehebu ya Imamu Shafi. Yeye huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa pamoja na Waislamu. Ama iliyopokewa kuwa Mtume aliacha kumsalia mmoja wao, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kuwa ni kwa kuwakemea watu, na sahaba walimsalia. Na katika Sahihi Muslim mna khabari ya mtu aliyehama na Tufayl bin Amr kwenda Madina, akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikononi hata akafa. Tufayl akamwona usingizini katika hali njema, ila mikono ameifunika. Mtume alipopewa khabari hiyo akaiombea mikono ile maghufira. Nawawi ameifanya hujja kuwa mtu wa namna hiyo hatoki katika Uislamu. Kwa hiyo deni lake hulipwa, mali yake hurithiwa, na mjane wake hukaa eda ya miezi minne na siku kumi kama wajane wenzake.