Msimfunge Mikono Anayesema kwa Mikono

Enyi watu wa Kariakoo na Gerezani, wenye maduka Msimbazi na wenye meza Mtaa wa Kongo, tulieni mnisikilize. Leo nina neno juu ya mtoto.

Mfikirieni mwanafunzi kiziwi. Saa ya mapumziko mwenzake anamvuta begi kwa nyuma. Hakusikia nyayo, anashtuka, anageuka na ngumi, mwenzake anavuja damu mdomoni. Mwalimu wa zamu anafoka, lakini mtoto anaona midomo inayocheza tu. Mzazi wa aliyeumia anakimbilia kituo cha polisi, anapewa namba ya taarifa, yaani RB, na kabla ya magharibi jalada limefunguliwa: shambulio la kudhuru mwili. Mtoto anavishwa pingu. Ndugu zangu, huyu husema kwa mikono! Ukimfunga mikono umemziba kinywa. Kisha anayeandika maelezo anaandika kwamba mtuhumiwa hakutoa ushirikiano.

Huo ni uonevu, hata kama ngumi ilirushwa kweli. Mtoto asiyeelewa anachoulizwa hajahojiwa, na asiyehojiwa hawezi kuhukumiwa kwa haki. Hilo ndilo neno langu lote.

Tulikwisha kuonywa zamani. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, na katazo hilo imelifungamanisha na kumcha Mungu. Qur'ani ina Sura Abasa, iliyoshuka Mtume alipokunja uso mbele ya Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, aliyemjia wakati anazungumza na wakubwa wa Makka. Na yule asiyeona akaja kuwa miongoni mwa waadhini wa Mtume. Basi wewe uliyeswali alfajiri, na wewe uliyetoka ibada ya Jumapili, hamna udhuru.

Sheria ya nchi nayo imesema. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai yoyote, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda vile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Inataka shauri lake lisikilizwe faragha katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, mzazi akiwepo, wakili akiruhusiwa. Na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Mahakama hiyo tunayo Kisutu, mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Mwaka huohuo wa 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 13 inataka taratibu zirekebishwe kulingana na hali na umri wao tangu hatua ya upelelezi. Tangu upelelezi, jamani, kabla hata ya kufika kwa hakimu!

Mwaka 2021 tulikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, tukashangilia, kwa sababu ni dhuluma mtu kuhukumiwa kwa maneno asiyoyaelewa. Kama ilikuwa dhuluma kwako, kwa kiziwi ni nini? Mkalimani wa lugha ya alama si hisani ya mkuu wa kituo. Ni haki ya mtoto.

Msidhani natia chumvi. Agosti 2018, Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la 5 alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafa. Ikiwa mtoto anayeweza kujieleza kwa kinywa chake tuhuma ilimtangulia namna hiyo, asiyeweza atapona wapi? Hata kwenye nchi tajiri mambo ni hayohayo. Mwaka 2014, mjini Lynchburg katika jimbo la Virginia, Marekani, mvulana wa miaka 11 mwenye usonji alipiga teke pipa la taka akiwa na hasira. Polisi wa shule akamfungulia mashtaka. Wiki chache baadaye akatoka darasani kabla ya kuruhusiwa, polisi yuleyule akamkamata, wakavutana, akafungwa pingu, akaongezewa shtaka la kumshambulia askari. Takwimu za serikali ya huko za mwaka wa masomo 2011/12 zilionyesha kwamba wenye ulemavu walikuwa asilimia 12 ya wanafunzi, lakini robo ya waliokamatwa au kupelekwa polisi kwa mambo ya shuleni. Tusiige njia hiyo.

Najua mtu atauliza: na aliyeumia je? Aliyeumia atibiwe, aombwe radhi, alindwe ili kosa lisirudiwe. Mwalimu aliyepigwa darasani ana haki ya kulalamika, na tumsikilize, maana mara nyingi ameachwa peke yake na darasa lililofurika, bila mafunzo wala msaidizi. Lakini pingu haimfundishi mtoto asiyejua kwa nini amefungwa. Si mbali na hapa, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, wasioona na wenye ulemavu wa akili wanasoma shule moja na wenzao. Walimu wenye ujuzi huo wapo mjini humu. Hao ndio waitwe kwanza.

Kwa hiyo, mzazi, usitie dole gumba kwenye maelezo ambayo mwanao hakuyaelewa. Omba Dawati la Jinsia na Watoto, omba afisa ustawi wa jamii, omba mkalimani, piga simu CHAVITA, chama cha viziwi, au SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasio na fedha ya wakili. Askari, fungua pingu, kisha uliza. Mwalimu mkuu, mwite mzazi kabla hujapiga simu kituoni. Nanyi wafanyabiashara, tunaochangishana mamilioni kwa harusi moja, tusishindwe nauli ya mkalimani mmoja.

Kesho asubuhi, kengele ikigongwa, nendeni shuleni kwa watoto wenu mkaulize: mwanafunzi mwenye ulemavu akikosea hapa, anaitwa nani kwanza? Jibu likiwa ni polisi, msitoke kwenye ofisi hiyo mpaka libadilike.