Mafundo Mawili

Kipimo chake nilikifunga kwenye pindo la kanga, pale tunapofunga nauli. Kilikuwa kipande cha bandeji, urefu wake shubiri moja na vidole vitatu hivi, chenye fundo huku na fundo huku. Kati ya mafundo hayo ndipo palipozunguka kichwa cha mjukuu wangu. Binti yangu alimpima mwenyewe, mkono ameupitisha kwenye tundu la mashine ya joto, kisha akanikabidhi bila kusema neno. Nikapanda mwendokasi kwenda Kariakoo.

Wazee wetu walitukataza kununua mbeleko kabla mwana hajazaliwa. Tulitii. Nyumbani hapakuwa na soksi wala nepi hata moja, tukijua siku zipo. Kumbe siku hazikuwepo. Mtoto alikuja wiki ya 29, gramu 1,180, na siku ya nne alikuwa ameshuka hadi 1,090. Sista alituambia watoto wote hupungua siku za mwanzo, tusihofu. Tukahofu.

Njia nzima nilijiuliza kama ule mwiko umekwisha au bado upo. Amezaliwa, ndiyo, ana kadi na ana mama. Lakini wiki 11 za tumboni bado anadaiwa, anazilipa ndani ya kioo, maziwa yakimfikia kwa mpira. Kumnunulia nguo mtoto wa namna hiyo ni kumkaribisha, au ni kumsemea jambo ambalo Mungu hajalisema? Nilipofika Mtaa wa Kongo niliona nguo nyeupe za watoto zimetundikwa safu kwa safu, nikazipita haraka. Nyeupe sikuitaka. Mtu wa umri wangu anajua kwa nini.

Kijana wa duka la kwanza alinipa shikamoo, akauliza mtoto ana muda gani.

"Siku nne, mwanangu."

"Basi chukua hizi za mwanzo kabisa, mama."

Akanikunjulia kigauni cha manjano chenye maua, cha mtoto wa kilo tatu na kuendelea. Wajukuu watatu kama wangu wangeenea humo. Nikafungua pindo, nikamwonyesha bandeji. Aliitazama, akaizungusha kwenye ngumi yake mwenyewe, akaona inaizunguka ngumi na kuishia hapo. Hakuuliza tena. Alichukua kofia ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, akaivika ile ngumi, na kofia ikacheza.

"Njiti?" akasema polepole.

Neno hilo nililichukia tangu siku ya kwanza niliposikia likitamkwa wodini. Njiti ni kijiti cha kiberiti. Mwenzangu mmoja wa kwaya, katika kunifariji, aliniambia nisisahau kwamba kwenye njiti ndimo moto ulimo. Nilimshukuru, lakini sikufarijika, kwa sababu njiti ya kiberiti huwaka mara moja tu ikaisha. Faraja yangu niliipata baadaye, tena kwa kukumbuka jambo dogo. Kwetu Lushoto, msimu wa mvua, mama yangu aliweka njiti za kuwashia moto juu ya uchaga, pale moshi wa jiko unapopita. Hakuziwasha. Alizitunza tu penye joto na pakavu, siku baada ya siku, na sisi watoto tulikatazwa kuzigusa kwa mikono yenye maji. Sasa ninapolisikia lile neno nauona uchaga wa mama.

Yule kijana alinipeleka kwa mama mmoja anayekaa barazani, jirani na duka lake, anayefuma vitambaa vya makochi. Mama yule aliipokea bandeji, akaipima kwa vidole, akachagua uzi wa pamba. Akaniambia nivute kigoda. Nilikaa pale zaidi ya saa moja na nusu, mikokoteni ikipita, wapiga debe wakiita, na mimi nikitazama sindano moja ikiingia na kutoka.

Nilimweleza kadiri sista alivyotueleza. Kwamba mafuta ya kumtia mtoto joto hujengeka zaidi wiki za mwisho wa mimba, na huyu hakuzifikia. Ngozi yake bado nyembamba. Kichwa ni kikubwa kwa huo mwili, na joto hupotelea hapo, ndiyo maana kofia inatangulia nguo nyingine zote. Mama yule alikuwa akiitikia "mmh" bila kuinua macho. Mizunguko yake ilianzia utosini, midogo kama kifungo, ikatanuka. Nikawaza: kazi ambayo tumbo la binti yangu halikuimaliza, tumegawiwa watu wengi tuimalizie, na mmoja wao ni huyu, ambaye nusu saa iliyopita hakujua kama tupo.

Ndipo nikamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Alimkabidhi mwanawe hekaluni angali mdogo, na kila mwaka akamshonea joho dogo na kumpelekea, wakati wa kupanda kwenda kutoa dhabihu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya machozi ya Hana na nadhiri yake. Juu ya lile joho sijasikia. Anayemshonea mtoto asiyekuwa mbele yake hukata kitambaa kwa kukisia: mwaka jana alinifika hapa, mwaka huu atakuwa amenifika wapi? Mkasi unapita juu kidogo ya pale macho yalipomwacha. Naamini Hana alikuwa akiomba kila alipofika mahali pale pa kukata, ingawa Maandiko hayasemi.

Mama mfumaji alimaliza ya kwanza, akaanza ya pili bila kuulizwa. "Moja ikifuliwa avae nini?" Alipokea fedha ya kofia moja, shilingi 2,000, ile nyingine akakataa katakata. Nikarudi kwa kijana, nikanunua soksi ambazo zingefungwa kwa uzi zisidondoke, maana wayo wa yule mtoto umekizidi kiberiti kidogo tu, na nepi za kitambaa ambazo ningezikata mara mbili. Nikanunua na kile kigauni cha manjano. Sikuwa nimekusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Atakivaa, mama. Inshallah," kijana akasema.

"Amina, mwanangu."

Usiku nilifua vyote, nikavianika, asubuhi nikavipiga pasi pande zote mbili mpaka kwenye mishono, kwa sababu ya mayai ya nzi. Nilifika wodini na mfuko wangu kama bibi harusi na sanduku. Sista alichagua kofia, soksi na nepi, akanirudishia vilivyobaki. Kisha akaniambia, "Bibi, binti yako hajalala tangu juzi. Osha mikono mpaka kwenye viwiko, vua blauzi, ukae na mtoto."

Nilikuja na nguo, nikaambiwa nivue.

Alimlaza kifuani pangu, wima, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu moja limelala juu ya moyo wangu, akatufunga wote wawili kwa kanga. Sista anapenda kueleza akiwa anafunga. Njia hii inaitwa ya kangaruu, alisema. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ambako watoto walikuwa wengi kuliko mashine, daktari Edgar Rey akawakabidhi kwa vifua vya mama zao. Sasa Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Watoto wa umri ule husahau kupumua. Hupumzika kidogo, halafu hukumbuka. Kila alipokaa kimya nilisugua mgongo wake kwa kidole kimoja. Sikuwa na sala ya maneno. Miaka yote nimekuwa mtu wa maneno mengi mbele za Mungu, na siku ile nilikuwa na kidole tu.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama kijana, mwanawe wa kiume, mdogo kuliko wetu. Kichwani amefungwa kipande cha kitenge. Nilimpa ile kofia ya pili. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kwao.

Mtoto yule aliivaa siku sita. Alfajiri ya Jumapili nilifika nikakuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, vitu vyake vimefungwa. Aliniamkia kwanza, adabu haikumtoka hata saa ile. Kisha akaniuliza, "Bibi, nikurudishie kofia?"

"Hapana, mwanangu. Ni yake."

Akaondoka nayo.

Nimekaa na swali lile wiki tatu sasa. Limenionyesha kitu nilichokuwa nimekificha hata kwangu mwenyewe: kwamba niliponunua kigauni cha manjano nilikuwa naweka rehani. Nilitaka Mungu aone fedha imetoka, nguo imekunjwa, ashindwe kunirudisha nyuma. Mama mfumaji alipoanza ile kofia ya pili hakuwa akimdai Mungu chochote. Mtoto ana baridi, avikwe. Yule wa kitanda cha jirani alikuwa hapa siku sita akiwa na kichwa chenye joto, na mtu aliyempima kwa uzi bila kumjua. Siwezi kusema hilo linamtosha mama yake. Halitoshi. Nasema tu kwamba halikupotea bure, na siku nyingine nashindwa hata kusema hivyo, nabaki kumtaja katika sala za jioni bila jina, kwa sababu jina lake sikulisikia.

Wetu alifikia tena uzito wake wa kuzaliwa wiki ya pili, na leo asubuhi mzani umesema 1,640. Kigauni kimo kabatini, kimekunjwa. Kofia imeanza kumwachia mstari kwenye paji la uso. Jana binti yangu alinipa kipande kipya cha bandeji, nikakilaza mezani kando ya kile cha kwanza, na mafundo yameachana kwa upana wa vidole viwili. Kesho nitashuka Kariakoo. Nitamwomba yule mama afume mbili.