Mawe Katika Mchele

Nimevaa miwani tangu kidato cha pili, na miaka yote hiyo nimetamani kuivua. Nilipoanza shahada ya uzamili nilijaribu lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Chuoni zilinifaa. Nyumbani Michenga, msimu wa kupura mpunga, zilinishinda. Lenzi hizo hazitakiwi kuguswa na maji ya bomba wala ya kisima, kwa kuwa kuna kijidudu kiitwacho akanthamiba kinachoishi majini na udongoni, nacho kikishambulia konea kinaweza kumpofusha mtu. Ukiongeza lile vumbi la makapi, nikarudia miwani.

Ndipo nikaanza kuweka akiba ya upasuaji wa leza. Daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, huufunua, kisha leza huichonga konea ili mwanga uangukie panapostahili. Si kila mtu anafaa: konea ikiwa nyembamba mno haiguswi, na namba ya miwani sharti iwe imetulia.

Jioni moja mama alinipa ungo. "Nichagulie mchele, mwanangu. Macho yangu yameshazeeka."

Nikavua miwani, maana wengi wetu tusioona mbali huona vya karibu bila miwani. Nikachagua. Swali likanijia ungo ukiwa mapajani: kwa nini ya kwangu nayaita matatizo ya macho, na ya kwake tunayaita uzee?

Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na baada ya miaka 40 hivi karibu kila mtu hupata shida ya kuona vya karibu. Hata leza yangu haitanikinga na hilo. Tiba yake ni miwani ya kusomea, ya bei ndogo. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa waliopewa miwani hiyo waliwazidi kipato wenzao kwa takriban theluthi moja.

Ni rahisi kusema: achana na leza, mnunulie mama miwani. Lakini miwani yake isingetikisa akiba yangu. Ningeweza kufanya yote mawili. Basi fedha haikuwa kizuizi. Miezi mingi nilisoma habari za macho yangu, wala sikumuuliza mama hata siku moja anaona nini. Leza bado naitaka, na kuitaka si kosa. Kosa lilikuwa kuuzoea upungufu wa mtu mwingine hadi nikauona ni sehemu ya umbo lake.

Kesho yake tulikwenda Ifakara mjini, akapimwa, tukarudi na miwani. Mama akauvuta ungo wa mchele niliouchagua jana, akauinamia. Akatoa jiwe, kisha la pili, kisha la tatu, akayapanga kiganjani.

"Huu ulichagua wewe?"

"Ndiyo, mama."