Tanbihi si aya

Katika jumuiya ndogo ndogo hapa Kiseke utakuta duara moja lina Biblia za kila aina: Habari Njema, Union Version, na siku hizi simu yenye New American Bible na tanbihi zake. Watu wakikwama kwenye aya, mwenye tanbihi ndiye anayeulizwa. Anasoma, tunaitikia, na hapo ndipo penye shaka yangu: tunaitikia kana kwamba Mathayo mwenyewe ndiye anayesema.

Tanbihi kwa Mkatoliki si fasheni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 825, inataka tafsiri ya Maandiko iwe na maelezo ya lazima na ya kutosha. Chama cha Biblia cha Uingereza, kilichoanzishwa 1804, kiliamua kinyume chake: Neno litoke bila maelezo. Ndiyo maana Union Version ya 1952 imetuzoesha ukurasa wenye sauti moja tu. Ya pili ikijitokeza, hatujui tuiweke wapi.

Sasa hebu fungua utangulizi wa Mathayo katika hiyo New American Bible, toleo lenye idhini ya maaskofu. Unasema mapokeo ya kale kwamba mwandishi ni mtume Mathayo hayashikiki, kwa kuwa kitabu kimetegemea sana Marko, na mtu aliyeishi na Yesu asingemfuata kiasi hicho mtu ambaye hakuwa naye. Wengi hushtuka. Kwani si Tume ya Kipapa ya Biblia iliyotetea mapokeo hayo mwaka 1911? Ni kweli ilitetea. Lakini mwaka 1943 Papa Pius XII aliwafungulia wataalamu mlango wa kuchunguza aina za uandishi na historia ya matini. Idhini ya askofu hukagua imani na maadili. Haitii sahihi kila dhana ya msomi. Kwa hiyo hoja kama hii inapimwa, na nikiipinga sijalipinga Kanisa. Mimi naona imevuka mpaka. Kwamba kitabu kilimtegemea Marko, nakubali. Ila shahidi anaweza kabisa kutumia andiko la mwenzake, hasa kama watu walishalizoea.

Halafu tanbihi huandikiwa msomaji fulani, na mara nyingi si sisi. Kwenye Marko 6:3, toleo hilo hilo linahangaika kueleza kwamba kwa Wasemiti neno la kaka lilibeba hata binamu na mpwa. Msukuma wa Kiseke atashangaa, eti na hilo linahitaji maelezo! Ndugu ni ndugu. Lakini asishangilie mapema: upana wa neno letu hauthibitishi kwamba wale hawakuwa watoto wa Maria, unaacha nafasi tu. Jibu la Mkatoliki liko kwenye fundisho la Kanisa, si kwenye kamusi. Na ile Luka 5:5, wavuvi kukesha na kurudi mikono mitupu, aliyeona mitumbwi ya dagaa ikitoka jioni na taa zake hahitaji tanbihi. Anachouliza yeye ni nani alibeba hasara ya usiku ule, na hilo sijaona toleo lolote likiligusa.