Juu ya Neno "Kuguguna"

Wasomaji wetu, lugha yetu ina maneno mengi ya kazi ya meno, wala hayana maana moja. Mamba akimkamata mtu mguu ufukoni, twasema amemng'ata. Mtu alapo muhogo, atafuna. Lakini mbwa na mfupa wake, au panya na mlango wa ghala, hao hawaumi mara moja wakaacha, waguguna. Kuguguna ni kuuma kitu kigumu kidogo kidogo, tena na tena, bila kuchoka, hata kipungue au kitoboke.

Waingereza nao wana neno lao, gnaw. Herufi yake ya kwanza haitamkwi siku hizi, lakini zamani ilitamkwa, neno lilipokuwa gnagan. Wajerumani, waliotawala Mwanza hata mwaka 1916, husema nagen, na Waswidi husema gnaga. Maneno hayo ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa Kilatini neno ni rodere, na kwa neno hilo wataalamu wameliita kundi zima la panya, buku, kindi na nungunungu: Rodentia, yaani wenye kuguguna. Tena kutoka rodere Waingereza wamepata jina la mmomonyoko, erosion, kana kwamba maji nayo yana meno.

Wala jina hilo si la mzaha. Akaaye Mwanza ameyaona mawe makubwa yaliyopandana, kama lile Jiwe la Bismarck lililo majini karibu na mji. Hakuna jitu lililoyapanga. Maji yaliingia katika nyufa za mwamba, yakaulainisha kwa miaka isiyohesabika, uliolainika ukawa mchanga ukachukuliwa, yakabaki mawe tuyaonayo leo. Hakuna tone moja liwezalo kujisifu kwamba ndilo lililopasua mwamba; hata hivyo mwamba umepasuka.

Basi twauliza: je, lipi la kuogopwa zaidi, ubaya ung'atao kama mamba, au ubaya uguguao kama panya? Watu wengi humwogopa mamba. Wizi wa ng'ombe, kuua, kuchoma nyumba ya mtu, hayo yakitokea kijiji chote hupiga yowe. Lakini panya hapigiwi yowe. Wazee wetu walimjua sana waliposema kwamba panya huuma na kupuliza. Aliyelala hasikii maumivu, maana pumzi ya panya yamliwaza. Akiamka asubuhi aona kisigino kimeliwa.

Tutoe mfano wa ziwa letu wenyewe. Tarehe 20 Septemba mwaka wa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora katika Ukerewe, siku ya soko. Kivuko hicho kilikuwa cha kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilikuwa imezama ikikaribia Mwanza, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Hatusemi kwamba kulikuwa na mtu aliyekusudia kuwazamisha wenzake. Chombo hujazwa kwa kuongeza mtu mmoja, kisha mmoja, kisha gunia moja. Kila mara kuna sauti ya kupuliza: huyu ana haraka, yule ni jirani, na juzi tulijaza hivi hivi tukafika salama.

Labda msomaji atatujibu: "Mtu mmoja hazamishi chombo. Hata angalibaki pwani, kingalizama vile vile. Basi kosa lake ni lipi?" Jibu hili lafanana na akili, lakini tulipime. Katika mlango uliotobolewa na panya, hakuna jino moja lililotosha kuutoboa. Ikiwa kila jino halina kosa kwa kuwa lilifanya kidogo, basi tundu halina mwenyewe. Nalo tundu lipo, na mahindi yamekwisha. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba udogo wa sehemu yetu waifuta sehemu yetu. Hayo ni kweli kwa mwenye kupunja kipimo cha pamba kwa ratili moja, na kwa mvuvi atumiaye wavu wa macho madogo usiku mmoja tu.

Lakini kuna kuguguna kwa namna nyingine, nako kwatoka ndani. Sisi husema moyo unaniuma, na kwetu kuuma ni meno na maumivu pamoja. Waingereza wana neno remorse, lililotoka katika Kilatini remordere, yaani kuuma tena. Mwaka 1340 mtawa mmoja wa Canterbury, Dan Michel, alimaliza kukifasiri kitabu kutoka Kifaransa, akakiita Ayenbite of Inwyt. Maana yake ni kuuma tena kwa dhamiri. Twaona kwamba watu walio mbali nasi walihisi jino lile lile.

Je, jino hili ni adui? Wengi hulifanya adui, wakalinyamazisha kwa pombe, au kwa kucheka, au kwa kutafuta makosa ya wengine. Sisi twaona tofauti moja kubwa: dhambi huuma na kupuliza, bali dhamiri huuma isipulize. Ndiyo sababu yatuchukiza, na ndiyo sababu yatufaa. Mguu usiosikia maumivu ndio uliwao hata mfupa.

Lakini maumivu peke yake si dawa. Yuda aliumwa na moyo, na Petro aliumwa na moyo. Yuda alirudisha fedha, kisha akajiua; Petro alilia, kisha akarudi kwa wenzake akatumwa kazi. Kuumwa kulikuwa kumoja; njia zikawa mbili. Aliyekubali kugugunwa bila kugeuka huliwa akaisha, aliyegeuka hupona.

Mwisho tukumbuke jambo moja juu ya panya. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Asipopata kitu kigumu cha kuguguna, meno humzidi yakamdhuru. Moyo wa mtu nao haukai bure. Usipopewa kazi ngumu iliyo halali, yaani kulipa deni, kupatana na ndugu, kumwambia nahodha kwamba chombo kimejaa na kushuka, huguguna jina la jirani. Basi tusijisifu kwamba hatujamwua mtu wala kuchoma nyumba. Tuchukue taa usiku, tusikilize ghala letu wenyewe, maana kikulacho ki nguoni mwako.