Trekta la Mzee, Injini Yetu

Kiangazi cha mwaka 2024, kijana mmoja alishuka kwenye basi dogo linalotoka Bujumbura, hapa Gitaza, pamoja na mama yake. Walikuwa na mifuko miwili na godoro. Kabla hata ya kutafuta pa kulala, kijana akaja mpaka kwenye kibanda chetu cha vijana, akaliona trekta, akashika mikono yake miwili kama mtu anayemsalimia ndugu. Akasema, "Hili ni la baba."

Mimi nilikuwa napaka grisi. Nikajibu bila kufikiri: "Lilikuwa la mzee. Sasa ni la vijana. Injini ni yetu."

Ndugu msomaji, jibu lile lilitoka mdomoni kwa haraka sana. Tangu siku ile nimekuwa nikilipima, na nataka tulipime pamoja, maana wengi wetu tunaosoma karatasi hizi tumewahi kusimama upande mmoja au mwingine wa jibu kama hilo.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Si trekta kubwa la kukalia kama mnayoyaona kwenye picha. Ni hili dogo la kusukuma kwa mikono, ambalo Tanzania wanaliita pawatila. Lina magurudumu mawili, gia, mikono mirefu na injini moja ya dizeli ya silinda moja iliyokaa mbele. Kwetu wengi wanaiita moteri. Hapa Gitaza mlima unakaribia kuingia ziwani, na kati ya mlima na maji kuna kipande chembamba tu cha ardhi, na barabara ya kwenda Rumonge inapita humo humo. Trekta kubwa lingegeukia wapi? Hili dogo linalima vishamba vya mboga na muhogo, na ukilifunga tela nyuma linabeba mawese, mchanga, hata mgonjwa.

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja jirani yetu. Mwaka 2015, mambo yalipoharibika, alipanda mtumbwi usiku na familia yake, wakavuka kwenda Kongo, wakaishia kambi ya Lusenda kule Fizi. Trekta lilibaki chini ya mwembe. Mimi na familia yangu tulikimbilia Nyarugusu. Nilirudi 2018. Nilipoanza kazi na vijana, lilikuwa bado pale, kuku wanatagia juu yake.

Mwaka 2019 tukalifufua, vijana kumi na wawili. Injini ilikuwa inawaka kwa shida na kutoa moshi wa bluu. Fundi akasema ni ringi, oili inapanda juu na kuungua. Tukabadilisha ringi, slivu na gasketi. Likalima misimu kadhaa. Siku zile kila mtu alisema "nendeni mkaazime trekta la mzee". Hata sisi tulisema hivyo.

Halafu 2021 kijana mmoja wetu alikuwa anasomba mchanga na hakuangalia maji. Injini hizi zinapozwa na maji ya kwenye tangi lililo wazi juu. Yanachemka, yanapungua, lazima uongeze. Yeye hakuongeza. Pistoni ikajikaba, krenki ikaliwa. Fundi akafungua, akatikisa kichwa. Kununua krenki na kuchonga upya kungefika karibu bei ya injini iliyotumika. Tukachanga nusu mwaka. Tukauza samaki, tukabeba matofali, tukanunua injini iliyokuwa ikisaga muhogo Rumonge. Ya kwanza ilikuwa ya nguvu farasi 12, hii ya 15. Matundu ya fremu hayakulingana, tukatoboa mapya. Tukahamisha puli, tukanyoosha mikanda kwa kupima na uzi. Ilipowaka, watoto walipiga kelele mpaka barabarani. Kuanzia hapo watu wakabadilisha jina. Likawa "trekta la vijana". Hakuna mkutano uliopitisha jina hilo.

Sasa swali. Tulipobadilisha ringi, trekta lilibaki la mzee. Tulipobadilisha injini, likawa letu. Ni boliti ya ngapi iliyolihamisha?

Nyarugusu tulikuwa na mwalimu wa falsafa, Mkongomani, aliyetufundisha chini ya turubai huku mvua ikimzidi sauti. Alitusimulia kisa alichokiandika Plutarch, Mgiriki wa zamani: watu wa Athens walihifadhi meli ya shujaa wao Theseus, ubao ukioza wanaweka mpya, mpaka wenye hekima wakagawanyika, hawa wakisema ni meli ile ile, wale wakisema siyo. Halafu Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, akaongeza chumvi: je, kama mtu angeokota mbao zote za zamani na kuziunganisha tena kwa mpangilio ule ule? Meli ziko mbili. Ya Theseus ni ipi?

Darasani tulicheka. Tuliona ni michezo ya watu walioshiba. Kumbe kwetu jambo la Hobbes lilitokea kweli. Ile injini iliyokufa fundi aliichukua kwa bei ya chuma chakavu. Baadaye akapata krenki kwenye injini nyingine mfu, akaifufua. Leo inaendesha mashine ya kukamua mawese, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka hapa. Kwa hiyo mzee ana vitu viwili: mwili wa trekta lake una moyo wa Rumonge, na moyo wa trekta lake unakamua mawese ya watu wengine.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni la hesabu: kila mtu ana sehemu yake. Fremu, gia na magurudumu ni vyao. Injini ni yetu. Fungua boliti nne, kila mtu aende na chake. Inaonekana haki kabisa. Lakini ukifanya hivyo, mjane (maana mzee alifia kule kambini) anabaki na chuma kisichotembea, na sisi tunabaki na injini isiyolima. Tumegawana mpaka kitu chenyewe kimepotea. Hesabu hiyo inahesabu vyuma tu. Kitu kinachogombewa haikigusi.

Jibu la pili ni la jasho: anayekitunza kitu ndiye mwenyewe. Sisi tulilitoa chini ya mwembe. Ziwa lilipopanda miaka ile, sisi ndio tuliolivuta juu lisizame. Kama si sisi, mama angekuta kutu. Hilo ndilo nililolisema siku ile kwa maneno mafupi, "injini ni yetu". Na nililiamini, mpaka usiku nilipolala nikakumbuka ni wapi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo.

Babu yangu alikuwa na shamba la michikichi upande wa Rumonge. Mwaka 1972 alikimbilia Tanzania akiwa amembeba baba mgongoni. Walirudi 1993, wakakimbia tena mwaka huo huo baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Mimi nilizaliwa kambini Mtabila 1998. Kambi ile ilipofungwa mwisho wa 2012, tukarudi, nikiwa na miaka kumi na minne, na baba akanipeleka kuliona shamba. Tulikuta mtu. Hakuwa mtu mbaya; alitupa maji ya kunywa. Akatuonyesha michikichi, akasema: "Hii yote nimeipanda mimi. Ya mzee wenu ilizeeka, nikaikata. Shamba lilikuwa lake, lakini michikichi ni yangu."

Baba hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Pale akakaa chini.

Yaani miaka kumi na miwili baadaye mimi nilimwambia kijana wa Lusenda sentensi ile ile, nikabadilisha tu michikichi nikaweka injini. Na yeye, kama baba, alinyamaza.

Wasomaji wa Rumonge mnajua kwamba swali hili nchi yetu imelijibu kwa namna mbili. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Tume ya ardhi iliyoanza 2006 miaka yake ya kwanza ilihimiza watu kugawana. Baadaye ikaelekea zaidi kumrudishia aliyekimbia shamba lake zima. Kila namna iliacha watu wakilia. Sitaki kuamua kesi za watu kwa kisa cha trekta. Lakini kisa cha trekta kilinionyesha kitu ambacho nikiwa upande wa baba nilishindwa kukiona, na kingine ambacho nikiwa upande wa vijana sikutaka kukiona.

Nilichoshindwa kukiona upande wa baba ni kwamba jasho la yule mtu lilikuwa jasho kweli. Michikichi haijipandi. Mtu aliyekaa miaka thelathini akipanda hawezi kuambiwa kwamba miaka yake haikuwepo.

Nisichotaka kukiona upande wa vijana ni hiki: kuacha na kukimbia ni vitu viwili. Mtu akitupa redio jalalani, ameiacha. Ukiiokota ukaitengeneza, ni yako, na akirudi kuidai mtamcheka. Mzee hakulitupa trekta. Mtumbwi haubebi trekta. Alilifunika kwa turubai, akafunga turubai kwa kamba, akaondoka usiku. Ile kamba ilikuwa inasema kitu. Sisi ndio tulioikata.

Mtu atasema: mlifanya wema, mngefanyaje, naye hayupo? Hapa nikiri jambo ambalo vijana wenzangu wameniruhusu niliandike. Hayupo, lakini simu yake ilikuwepo. Namba tulikuwa nayo. Mwaka 2019 tulimpigia mara moja, kuuliza mpini wa kuwashia aliuweka wapi, na alitueleza vizuri, akacheka, akatutakia kazi njema. Tulipotaka kubadilisha injini hatukumpigia. Tulijiambia mtandao wa kule ni mbaya. Ukweli ni kwamba tuliogopa angesema kitu. Angeweza kusema, "Sawa, wekeni, tutaelewana," na hapo ingejulikana kwamba trekta ni lake. Ukimya wetu ndio uliolihamisha trekta. Boliti hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo leo nikiulizwa swali la meli ya Theseus, nasema linategemea unauliza ili ufanye nini. Fundi anayetafuta vipuri anahitaji jibu moja: hii ni injini ya farasi 15, usimletee ringi za 12. Mkulima anataka jingine: ni lile lile lililolima kwangu mwaka jana? Ndiyo. Mjane anauliza la tatu. Hakuna jibu moja la kuwatosha wote, na si lazima liwepo.

Najua ubaya wa kusema hivyo. Kama jibu linategemea swali, basi kila mtu atachagua swali linalomfaa. Mimi nilichagua la injini kwa sababu injini ilikuwa yangu. Ndiyo maana nadhani anayefaa kutuchagulia swali ni yule ambaye hakuwepo wakati vipuri vinabadilishwa. Jiulize: jibu hili ningelikubali kama mimi ndiye ninayeshuka kwenye basi na godoro? Sisemi aliyekimbia ana haki daima. Ninachosema ni kwamba yeye peke yake ndiye hakuwa na mdomo pale kikaoni. Akisharudi, naye asikie hesabu ya jasho, asifanye kana kwamba miaka ilisimama kumsubiri.

Tulikaa chini ya ule mwembe, sisi, mama na kijana wake, na wazee wawili wa mtaa. Ilichukua Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza tulilumbana tu. Ya pili mama aliomba kwanza apelekwe aione ile injini ya zamani. Tukaenda naye kwenye mashine ya mawese. Alisimama nje, hakuingia, akasikiliza inavyogonga. Akasema, "Ndiyo yeye. Asubuhi alikuwa anakohoa hivyo hivyo." Sikumwambia kwamba krenki si ile. Kijana wake akaniangalia, naye anajua mambo ya injini, naye hakusema.

Jumapili ya tatu tukakubaliana. Trekta ni la familia ya mzee, na limerudia jina lake. Injini tumewauzia wao kwa bei tuliyonunulia, na wanalipa kwa siku: kila wiki siku tatu linafanya kazi ya kikundi bila kodi, mpaka deni liishe. Kazi ya kuliokoa na ziwa hatukuidai. Aliyesahau maji mwaka 2021 naye hakudaiwa. Wenzangu wawili walitoka kwenye kikundi wakisema nimewauza. Bado hatujazungumza vizuri, na inaniuma, maana nao walibeba matofali.

Kijana wa Lusenda sasa ni mwenzetu kikundini. Tuna daftari linaloning'inia kwenye msumari kibandani: kila kipuri kinachobadilishwa kinaandikwa, tarehe, bei, na nani aliarifiwa. Mstari wa mwisho, wiki iliyopita, ni mkanda mmoja. Mbele yake ameandika, kwa mkono wake: "Mama ameambiwa."

Kwenu mnaosoma mkiwa bado ukimbizini: mna kitu mlichofunika kwa turubai? Na sisi tuliorudi mapema, ni kamba ya nani tumeikata? Tuandikieni. Mngeamua vipi?