Utafiti na Ridhaa

Mwanafunzi anayetaka kujifunza kupitia watu ana njia mbili: kuwaomba au kuwahadaa. Zote mbili zaweza kuzaa elimu. Je, zina hadhi sawa?

Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliwatangazia watumiaji wenzake wa kompyuta kwamba anatengeneza mfumo endeshi, akawauliza wangependa uwe na nini. Wengi waliitikia, wakachangia. Kazi hiyo ndiyo Linux, iliyokuwa mada ya tasnifu yake ya uzamili mwaka 1997, na ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hiki kiliundwa kwa kuaminiana.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mmoja wao mwanafunzi wa uzamivu, walitaka kujua kama kasoro zaweza kupenyezwa kwa makusudi katika Linux hiyohiyo. Waliwapelekea wahakiki wake masahihisho yenye hila ndani, bila kuwaambia kwamba wanajaribiwa. Kamati ya chuo iliamua kwamba huo haukuwa utafiti juu ya binadamu. Wahakiki waliona vingine. Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa mradi, alipiga marufuku michango ya chuo hicho. Watafiti waliomba radhi, wakaiondoa makala yao.

Tuwatendee haki. Walisema kwamba waliwatahadharisha wahakiki kabla kasoro hizo hazijaingia, na hatari waliyoichunguza ni ya kweli. Tena mwizi hapigi hodi. Mlinzi atapimwaje akijulishwa? Hoja hii ina uzito. Lakini mwenye nyumba angeweza kuombwa ruhusa, naye akamficha mlinzi wake siri hiyo.

Katika vyuo vya ualimu, mwanachuo huenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Hujaribu mbinu zake kwa watoto halisi, lakini mwalimu mkuu anajua, na mkufunzi huketi nyuma ya darasa akiandika. Akiteleza, yupo wa kumshika mkono na yupo wa kuwafidia watoto somo lao.

Kamati ile iliona mashine, haikuona watu. Kumbe nyuma ya kila programu yuko mtu anayeisoma, mwenye muda mchache na imani kwa mgeni. Vyote viwili ni mali yake. Mtafiti avitumie baada ya kupewa.